MAREHEMU SHAABAN ROBERT NA MIZANI YA WATU



Mhariri ameniomba niandike juu ya mtu mashuhuri ambaye maisha yake yanaweza kumfaa mwanafunzi. Nimemchagua marehemu Shaaban Robert. Najua mmemsoma darasani, lakini nataka kumweleza kwa upande mmoja: namna watu walivyompima kwa kumlinganisha na wengine. Ninayo sababu. Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili nimewaona vijana walioanza kutunga vizuri, kisha wakaacha. Hawakukosa kipaji. Shairi lao la kwanza lilipobandikwa ubaoni, waliambiwa kwamba wao si Shaaban Robert.

Mzee wetu huyu alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Machui, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na masomo yake ya darasani yakaishia hapo. Mwaka huo huo wa 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya mpaka 1944. Baadaye alihamia Mpwapwa, kisha akarudi Tanga na kutumika katika ofisi ya wilaya na ile ya upimaji wa ardhi. Kwa hiyo vitabu vyake, ambavyo ni zaidi ya 20, viliandikwa na karani aliyekuwa na kazi ya watu mchana kutwa.

Njia yake ya kwanza ya kuwafikia wasomaji ilikuwa gazeti. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa likitoa mashairi ya wasomaji wake, na katika miaka ya 1930 jina lake likaanza kujulikana humo. Ukurasa wa mashairi ulikuwa uwanja. Mmoja akiuliza kwa shairi, mwingine hujibu kwa shairi. Anayekosea vina husahihishwa mbele ya kadamnasi. Aliyepeleka utungo wake huko alijua kabisa kwamba utapimwa. Lakini waliompima walikuwa watunzi wenzake, na kanuni walizozitumia ndizo alizozitumia yeye.

Kupata kitabu kulikuwa taabu nyingine. Pambo la Lugha kilipigwa chapa Johannesburg, na Kusadikika kilitolewa na wachapishaji wa Uingereza mwaka 1951. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, ambazo zilitolewa kitabu mwaka 2002, zinaonyesha jinsi alivyohangaikia kazi zake. Mwishoni mwa maisha yake alianza kuvichapisha mwenyewe vitabu vyake hapo Tanga.

Sifa zilipokuja, zilikuja zimebeba jina la mtu mwingine. Aliitwa, na mpaka leo huitwa, Shakespeare wa Kiswahili. Waliosema hivyo walikuwa na nia njema, lakini hebu tupime. Shakespeare alikuwa mtu wa jukwaani, mwigizaji na mwenye hisa katika kundi la waigizaji, na sifa yake kubwa ni tamthilia. Shaaban Robert sifa yake ni tenzi, mashairi, insha, riwaya na wasifu. Utenzi wa Vita vya Uhuru una beti zipatazo 3,000. Utenzi wa Hati alimwusia binti yake, na ule wa Adili mwanawe wa kiume. Mkewe Amina alipofariki, alimlilia kwa shairi. Shughuli hizi za wosia na maombolezo ni za utenzi na shairi la pwani tangu zamani. Anayetaka kuona alipolikuta shairi na alipolifikisha, na amweke kando ya Muyaka wa Mombasa. Msomaji asiyejua Kiingereza hata njia ya kuipima sifa ile alikuwa hana. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, wakati Shaaban Robert alikwisha kufariki Juni 1962. Nami sijasikia hata siku moja Shakespeare akiitwa Shaaban Robert wa Uingereza.

Si kwamba mzee wetu aliwakimbia wageni. Alizitia katika Kiswahili rubai za Omar Khayyam, wala hakuhitaji kuitwa Khayyam ili aifanye kazi hiyo. Tena tazama alivyomtendea msanii mwenzake. Siti binti Saad wa Unguja alizaliwa katika ufukara, akauza vyungu, akadharauliwa, kisha sauti yake ikaingia katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Mwaka 1958 Shaaban Robert alitoa wasifu wake, na ndani yake Siti ni Siti, mwenye asili yake na taabu zake.

Jambo la kusikitisha ni kwamba baadaye yeye mwenyewe aligeuzwa kuwa jiwe la kupimia wengine. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, chenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, wengi walisema hayo si mashairi. Hata hivyo, kijana huyo alikuwa amemsoma mzee kwa makini. Tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Alimheshimu, na bado akatunga kwa njia yake.

Basi, wadogo zetu, msiogope kupimwa, maana anayetoa shairi hadharani ameomba kupimwa. Nasi wakubwa, tukisoma mashairi yenu, yatupasa tuseme ni ubeti upi umetuingia na upi umekwama, na kwa nini. Maneno hayo mtunzi anaweza kuyafanyia kazi. Akiambiwa tu kwamba yeye si fulani, hana la kufanya isipokuwa kuweka kalamu chini.

Mungu amrehemu mzee wetu.