Edward Tolman na Njia za Panya

Sisi tuliokulia Kasesya, mpakani na Zambia, hatuhitaji kuelezwa njia za panya ni nini. Barabara kubwa ya kutoka Sumbawanga kupitia Matai inaishia getini, lakini mtoto wa pale anajua vijia vya mashambani vitakavyomtoa upande wa pili. Nani kamfundisha? Hakuna. Basi nilipofika kwenye saikolojia ya elimu, nikakutana na mzee aliyelihangaikia swali hilo maisha yake yote, tena kwa kutumia panya wa kweli.

Edward Chace Tolman alizaliwa mwaka 1886 huko West Newton, Massachusetts, Marekani. Alisomea kemia ya umeme kwanza, akamaliza MIT mwaka 1911, kisha akahamia saikolojia na kupata udaktari Harvard mwaka 1915. Kazi yake ya kwanza, chuo cha Northwestern, aliipoteza mwaka 1918. Sababu iliyotajwa ilikuwa vita na kupunguza walimu, ila yeye alihisi kulikuwa na jingine: muda mfupi kabla ya hapo aliitwa na mkuu wake, kisa jina lake kuonekana kwenye chapisho la wanafunzi lililotetea amani.

Akaenda Berkeley, California, na huko ndiko alikofanya makubwa. Wakati ule wengi waliamini kujifunza ni mazoea tu: unatenda, unapewa zawadi, unarudia. Mwaka 1930 Tolman na Honzik waliweka makundi matatu ya panya kwenye njia zenye kona nyingi. Kundi la kwanza lilikuta chakula mwishoni kila siku, la pili halikukuta kabisa, la tatu lilianza kukuta siku ya 11. Kesho yake tu, hao wa tatu wakawa wanakosea kidogo kama wale wa kwanza. Yaani siku zote walizoonekana wanazurura, walikuwa wanajifunza! Mwaka 1948 Tolman akaandika kwamba panya, na binadamu pia, hujichorea ramani akilini.

Mwaka uliofuata Marekani ilikuwa imejaa hofu ya ukomunisti, na chuo kikamtaka kila mwalimu ale kiapo cha utii. Tolman, mzee wa miaka 63, akakataa. Agosti 1950 walimu 31 waliogoma kusaini walifukuzwa, yeye akiwemo. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1952 Mahakama Kuu ya California ikawapa ushindi. Alifariki Novemba 1959.

Ramani yake haikufa. Mwaka 1971 John O'Keefe aligundua seli za ubongo zinazoamka panya anapofika mahali fulani, na mwaka 2014 akapata Nobel pamoja na May-Britt na Edvard Moser. Siku hizi watafiti hawahitaji hata kumtoa mtu chumbani: kompyuta inatengeneza mji au bustani ya uhalisia pepe, naye anatafuta njia humo. Mwaka 2008 Weniger na Irle, wa Ujerumani, waliwapima hivyo watu ambao skizofrenia ilikuwa imewaanza karibuni. Kukumbuka njia kwa kufuata hatua zao wenyewe waliweza vizuri. Kilichowashinda ni kuijenga ramani ya eneo zima.

Niliposoma hapo nilimkumbuka jirani yetu mmoja mwenye ugonjwa huo. Barabarani alikwenda na kurudi vizuri, lakini akikatisha mashambani alipotea, na sisi watoto tulimcheka. Watu wazima walisema karogwa. Siwezi kusema majaribio ya Ujerumani yanamweleza yeye, wala hayamponyi. Ila sasa najua kupotea kule hakukuwa kichekesho.

Wenzangu wa ualimu, mwakani tunaingia darasani. Kutakuwa na mtoto anayeonekana anazurura tu. Kabla hujamwandikia sifuri ya maisha, kumbuka lile kundi la tatu.