John Cadbury, mwenye duka la Bull Street

Zile chokoleti za karatasi ya zambarau tunazowabebea watoto wa nyumbani tukienda likizo zilianzia kwenye duka moja hapa Uingereza, mtaa wa Bull Street, Birmingham, mwaka 1824. Mwenye duka, John Cadbury, alikuwa na miaka 22. Aliuza chai, kahawa na kakao. Alikuwa wa Kanisa la Marafiki, lile lile ambalo ndugu zetu wa Kaimosi wanalijua vizuri, naye alitumaini kwamba kikombe cha kakao kingewapa watu kitu cha kunywa badala ya pombe.

Mkewe wa kwanza, Priscilla, alifariki 1828, ndoa ikiwa bado changa. Mwaka 1832 alimwoa Candia, wakajaliwa watoto saba. Huku akilea wake, aliwatetea pia watoto wa wenzake: alipinga wavulana wadogo kupandishwa ndani ya mabomba ya moshi kuyasafisha.

Candia alifariki 1855 kwa kifua kikuu. Hapo John alivunjika. Afya ikadhoofika, biashara ikayumba. Mwaka 1861 aliwaachia wanawe Richard, miaka 25, na George, miaka 21. Kila mmoja alitia pauni 4,000, urithi wa mama yao, katika kiwanda kilichokuwa karibu kufungwa. (Wangeweza kukataa, tusisahau.) Kikasimama.

Mzee alifariki Mei 1889, miaka kumi baada ya vijana kuhamishia kiwanda Bournville.