Kampuni ya Mackinnon ilizama, sarafu zake zikapanda bei

Kama unaishi Port Reitz, mtaa wako una jina la mwanamaji wa Uingereza, Luteni Reitz, aliyefariki mwaka wa 1824. Yeye alituachia jina tu. Leo tucheki mwingine, Sir William Mackinnon, ambaye jina lake unalisoma pale Mackinnon Road ukielekea Voi. Huyu alituachia kitu ambacho huenda kiko ndani ya kasha la nyanya yako: pesa.

Mackinnon alizaliwa Campbeltown, Scotland, mwaka wa 1823. Hakuzaliwa tajiri. Alianza kama karani wa duka, kisha mwaka wa 1847 akaenda India kujaribu bahati. Huko akaingia biashara na rafiki, wakanunua meli moja, ikazaa nyingine, hadi kampuni yake ya British India ikawa miongoni mwa kampuni kubwa zaidi za meli duniani. Kuanzia 1872 meli zake zilikuwa zikileta barua Zanzibar.

Hapo ndipo alipoutamani mwambao wetu. Mwaka wa 1877 alianza mazungumzo na Sultan Barghash ili akodishiwe pwani, lakini dili likakwama. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1887 alipewa mkataba, na Septemba 1888 Malkia Victoria akaipa kampuni yake, Imperial British East Africa Company, kibali cha kutawala. Makao yake huku yakawa Mombasa.

Serikali, hata ikiwa ni kampuni, lazima iwe na pesa yake. Ndiyo maana leo kuna sarafu zilizoandikwa Mombasa. Za shaba, zenye picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu, ndizo pesa zenyewe: 64 zilifanya rupia moja. Rupia ilikuwa ya fedha, yenye jua na taji, na kauli ya kampuni iliyomaanisha nuru na uhuru. Mnamo 1890 zikaja sarafu ndogo za fedha za anna, na pia stempu.

Uhuru huo nao ulikuwa na bei. Mwanzoni mwa 1889 kampuni ililipa fidia kwa ajili ya watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha kwenye misheni za Rabai na kwingineko. Watoro wakapata vyeti vya uhuru, ila chapaa yenyewe iliingia mifukoni mwa waliokuwa wakiwamiliki. Ukishika sarafu hizi, kumbuka hilo pia.

Kilichoimaliza kampuni ni Uganda. Majeshi, wapagazi na ngome za bara vilikula pesa kuliko ushuru wa Mombasa ulivyoweza kuleta. Mackinnon alifariki London mnamo Juni 1893, bila mtoto, akiiacha kampuni hoi. Mwaka wa 1895 ilinunuliwa kwa pauni 250,000, na serikali ya Uingereza ikachukua usukani.

Sasa ushaelewa kwa nini sarafu hizi zina wenyewe wanaozitafuta: zilitoka kwa miaka michache tu, basi. Lakini usikurupuke. Uzee peke yake hauleti bei. Wanaojua huangalia mambo manne: ni adimu kiasi gani, hali yake ikoje, ni halisi au feki, na kuna wangapi wanaoitaka. Ile pesa ya shaba ya 1888 ilitengenezwa kwa wingi, kwa hivyo iliyolika haina bei kubwa. Za fedha ni chache zaidi, hasa zikiwa bado na maandishi makali.

Stempu ni vivyo hivyo. Zile za kawaida zenye jua na taji si ghali. Zinazosakwa ni za Mei 1890, yaani stempu za Uingereza zilizopigwa juu yake chapa ya jina la kampuni, na za 1891, wakati stempu zilipoisha Mombasa na maafisa wakaandika thamani mpya kwa kalamu na kutia herufi za majina yao. Kwa sababu zina bei, waghushi nao hawakulala. Usiamini macho yako peke yako.

Kwa hivyo ukipata sarafu, usiisugue kwa ndimu wala majivu. Kuing'arisha ni kuiua bei. Stempu ikiwa kwenye bahasha, iache hapo hapo. Usikimbilie kwa sonara, kwa maana yeye atapima uzito wa fedha na kuiyeyusha. Linganisha na bei ambazo sarafu kama hiyo imeuzwa kweli kwenye mnada, si bei ambayo mtu ameitaja tu.

Na kuna sheria. Nchini Kenya, kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na huwezi kukitoa nje bila kibali. Sarafu zote za Mackinnon zinaingia humo. Kabla ya kumpa broka, vuka hadi Fort Jesus ukawaulize watu wa makavazi. Anayekuharakisha uuze leo leo, mara nyingi ashajua bei usiyoijua.