Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi aliyempa Bwana Msa jina lake

Waliosoma riwaya za Kiswahili shuleni wanamjua Bwana Msa. Kiko mdomoni, haraka hana, anamsikiliza kila mtu mpaka amalize, kisha anauliza swali moja dogo linalomfanya mtu ajikanyage. Ukiwauliza nani alimtunga, wengi wanakwama.

Jibu limo ndani ya jina lenyewe. M, S na A ni herufi za mwanzo za Muhammed Said Abdulla. Mwandishi alichukua jina lake, akalifupisha, likatoka jina linalosikika kama la mtu yeyote wa mtaani Unguja. Kisha akampa mpelelezi wake.

Abdulla alizaliwa mwaka 1918 Makunduchi, kusini mwa Unguja, huko huko kwenye sherehe za Mwaka Kogwa. Alimaliza shule mwaka 1938 akaajiriwa kwenye idara ya afya kama mkaguzi. Mwaka 1948 akahamia kwenye magazeti, akawa mhariri wa Zanzibari. Katika miaka iliyofuata alikuwa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Anayeijua historia ya Zanzibar ataisoma orodha hiyo mara mbili, maana Al Falaq lilikuwa gazeti la Waarabu na Afrika Kwetu lilisemea Waafrika, tena katika miaka ambayo siasa za visiwani zilianza kuwagawa majirani. Mtu aliyepita meza zote hizo alisikia Unguja ikizungumza kwa midomo mingi.

Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, na hapo alidumu mpaka alipostaafu mwaka 1968. Kumbe mchana ni mazao na pembejeo, huku kichwani kuna maiti na mafumbo.

Wakati anaingia Mkulima, Bwana Msa alikuwa ameshazaliwa. Shirika la East African Literature Bureau liliendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili mwaka 1957 na 1958, na hadithi ya Abdulla ikashika nafasi ya kwanza. Ilitoka kuwa kitabu mwaka 1960: Mzimu wa Watu wa Kale. Tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa ameuawa kwenye mzimu. Mahali penyewe panatosha kuwafunga watu midomo. Nani atapeleleza mauaji ambayo huenda yamefanywa na wasioonekana?

Kwa mtoto wa kusini Unguja, hilo halikuwa pambo la hadithi. Mizimu ilikuwepo, watu walipeleka ubani, na walikuwepo walioiogopa kikweli. Abdulla hakuwacheka watu wake. Alimtuma Bwana Msa kati yao, mtu wa hapo hapo, mwenye adabu, asiyeamini kwamba mzimu una sababu ya kumuua mtu wakati binadamu wenye sababu wamejaa pembeni. Mwaka 1968 akafanya tena vile vile katika Kisima cha Giningi. Giningi, kwa simulizi za visiwani, ni kwa wachawi. Bwana Msa akaenda na kiko chake.

Ndiyo, Sherlock Holmes yumo humo. Najum, rafiki wa Bwana Msa, yuko kwenye nafasi ya Watson, anauliza yale ambayo msomaji naye angeuliza. Yupo pia Inspekta Seif wa polisi. Ila Arthur Conan Doyle alimchoka Holmes, akamuua mwaka 1893, na baadaye ikabidi amrudishe. Abdulla hakuonyesha kuchoka. Duniani Kuna Watu, 1973. Siri ya Sifuri, 1974. Mke Mmoja Waume Watatu, 1975. Mwana wa Yungi Hulewa, 1976. Vitabu vinne ndani ya miaka minne, na mwandishi tayari ni mstaafu! Mtu haandiki hivyo kwa kulazimishwa. Anaandika hivyo kwa sababu kuna watu anapenda kukaa nao.

Na alijua anachokiweza. Nguvu yake ilikuwa mazungumzo. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, lakini kikishapita madarasani na kwenye kamati huwa kinakauka. Abdulla, ambaye kwao Makunduchi wana lahaja yao wenyewe, alikirudisha barazani. Watu wake wanataniana, wanazungukana, wanasema jambo moja wakimaanisha jingine, na ushahidi unapatikana kwenye namna mtu alivyojibu kuliko kwenye alama za vidole. Udhaifu wake nao unatokana na hapo hapo. Mazungumzo mengine yanarefuka mpaka unasahau nani kafa, na ile ncha ya mwisho wakati mwingine inategemea bahati kupita kiasi. Msomaji anamsamehe kwa sababu Najum anachekesha.

Katikati ya yote hayo yalitokea Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Unguja aliyoijua Abdulla, ya mabwana wenye mashamba ya karafuu na majumba ya mjini, iliondoka. Lakini Bwana Msa, hata katika vitabu vilivyochapishwa baadaye, kwa sehemu kubwa aliendelea kutembea kwenye Unguja ya zamani. Miaka ya 1970, katika siasa ya Ujamaa, wapo wahakiki waliotaka riwaya izungumzie unyonyaji na ujenzi wa taifa, na upelelezi ukaonekana burudani tupu. Shutuma hiyo ina chembe ya ukweli. Lakini tazama nani wanakufa katika vitabu hivi na kwa sababu gani: mali, urithi, ndoa, nasaba zilizofichwa. Mtu akitaka kujua jamii ile ilificha nini nyuma ya milango yake ya nakshi, Abdulla anamfungulia mlango kuliko vitabu vingi vya siasa.

Mwaka 1984 ikatoka Kosa la Bwana Msa. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akifichua makosa ya wengine. Safari hii mwandishi akaziweka herufi zake mwenyewe kwenye jalada, na neno kosa mbele yake.

Abdulla alifariki mwaka 1991. Kwa asiyewahi kumsoma, aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, na asiruke kurasa za soga. Mwenye kosa huwa yumo humo, anazungumza na Bwana Msa kwa adabu zote.