Mobutu, raisi wa kofia ya chui aliyewaandikia wanyama sheria

Wakaaji wa Kisangani wenye umri wa miaka hamsini na zaidi wanaikumbuka vizuri ile kofia ya ngozi ya chui. Ilikuwa kwenye picha katika kila ofisi ya serikali, kwenye noti za zaire na kwenye vikwembe vya chama cha MPR. Kisichokumbukwa sana ni kwamba mwenye kofia hiyo, Mobutu Sese Seko, ndiye aliyetia saini sheria kubwa za kwanza za inchi huru juu ya wanyama wa pori. Moja kati yake bado inatumika hadi leo.

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa Lisala tarehe 14/10/1930. Baba yake alikuwa mpishi wa jaji Mubelgiji, na mke wa jaji huyo ndiye aliyemfundisha mtoto Kifaransa. Baadaye Mobutu alipenda kusimulia kwamba alipokuwa mdogo alikutana na chui porini, akaogopa, kisha akamuua kwa mkuki. Hakuna shahidi wa habari hiyo, lakini ilimfaa sana mtu aliyetaka kutawala. Mwaka wa 1950 aliingia jeshi la Force Publique, akatoka akawa mwandishi wa habari Léopoldville, na tarehe 24/11/1965 akachukua madaraka.

Wabelgiji waliacha mbuga tatu za taifa: Albert ya mwaka wa 1925, Garamba ya 1938 na Upemba ya 1939. Wengi walidhani kwamba mambo hayo ya wakoloni yangekufa pamoja na ukoloni. Mobutu alifanya kinyume. Mwaka wa 1969 alitia saini sheria ya uhifadhi wa maumbile, na mbuga ya Albert ikaitwa Virunga. Mwaka uliofuata zikaanzishwa Salonga, Kahuzi-Biega, Kundelungu na Maiko. Lengo lilikuwa kuweka asilimia 12 hadi 15 ya ardhi yote ya inchi chini ya ulinzi. Kwa raisi aliyekuwa akibadilisha majina ya miji, ya mito na ya watu, mbuga ilikuwa jambo la heshima ya taifa. Tembo, okapi na sokwe walikuwa mali ya Zaire, sawasawa na shaba ya Katanga.

Maiko ndiyo mbuga inayowahusu zaidi watu wa Tshopo, kwa sababu sehemu yake iko katika maeneo ya Bafwasende na Ubundu. Ina karibu kilometa 10,800 za mraba za msitu. Ndani yake wanaishi okapi, sokwe wa nyanda za chini wa mashariki na tausi wa Kongo, na wote watatu hawapatikani kwa asili katika inchi nyingine yoyote. Lakini mwaka wa 1970 msitu huo ulikuwa na wenyeji wengine pia. Waasi Simba, waliofukuzwa Kisangani mwezi wa kumi na moja 1964, walikuwa wamejificha humo na kuishi kwa kuwinda. Kinshasa ilichora mipaka ya mbuga kwenye karatasi mahali ambapo serikali yenyewe haikuweza kufika. Kwa miaka mingi walinzi walipita pembeni tu.

Mwezi wa tisa 1975 ulikuwa kilele cha sifa zake. Muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, UICN, ulifanya mkutano wake mkuu Kinshasa, na Mobutu akapokea wageni wa dunia nzima kama mlinzi wa wanyama. Mkutano huo ulipitisha azimio lililoomba serikali zisiwahamishe watu wenye maisha ya asili kutoka kwenye ardhi yao kwa ajili ya mbuga. Azimio hilo lilipewa hata jina la Zaire. Mwaka huohuo Kahuzi-Biega ilipanuliwa kutoka hekta 60,000 hadi hekta 600,000, na katika miaka hiyo Batwa walitolewa msituni bila kulipwa. Mwaka wa 1976 Zaire ikaingia katika mkataba wa CITES, unaokataza biashara ya kimataifa ya wanyama walio hatarini, na chui ni mmoja wao. Kofia ilibaki kichwani.

Garamba, kaskazini, wakati huo ilikuwa katika mkoa wa Haut-Zaïre, ambao makao makuu yake yalikuwa Kisangani. Mwaka wa 1976 ilikuwa na tembo zaidi ya 20,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki chini ya 10,000. Pembe zilikuwa na bei, askari walikuwa na bunduki bila mshahara wa kutosha, na watu wa karibu na utawala walitajwa mara nyingi katika biashara hiyo. Faru weupe wa kaskazini walibaki karibu 15 mwaka wa 1984. Wataalamu walipotaka kuwakamata na kuwapeleka mbali, Zaire ilikataa: faru ni wa Zaire, watalindwa Zaire. Ni haki kusema kwamba mara hiyo kazi ilifanyika kweli. Kwa msaada wa mashirika ya nje, faru waliongezeka hadi karibu 30, na mwaka wa 1992 UNESCO iliitoa Garamba kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Tarehe 28/5/1982 ilitoka sheria ya uwindaji, mwaka uleule Mobutu alipofanywa Marshali. Inadai ruhusa ya kuwinda na inakataza kuwinda kwa moto na kwa sumu. Juu ya mateso yenyewe ya mnyama haisemi mengi. Mamba wadogo wanaofungwa midomo na kusafirishwa wazima kwa mashua kwenye mto Kongo hawakuwa shida ya wanasiasa wa wakati ule, na hata wa leo ni wachache wanaowataja.

Kisha pesa ziliisha. Mwezi wa tisa 1991 askari wasiolipwa walipora miji, na Kisangani haikupona. Hifadhi ya okapi ya Epulu ilianzishwa mwaka wa 1992, wakati ambapo serikali haikuweza tena kumlipa mlinzi. Kisangani ilianguka mikononi mwa AFDL tarehe 15/3/1997, baada ya askari wa Marshali kukimbia. Yeye alitoka Kinshasa tarehe 16/5 na akafariki Rabat, Morocco, tarehe 7/9/1997. Alizikwa hukohuko.

Tangu katikati ya miaka ya 2000 faru mweupe hajaonekana tena Garamba kwa uhakika. Wawili wa mwisho duniani, wote majike, wako Kenya. Mwezi wa sita 2012 kundi lililojiita Mayi-Mayi Simba lilishambulia kituo cha Epulu, likaua watu na okapi 14. Sheria ya 1969 ilibadilishwa na ile ya tarehe 11/2/2014. Ile ya uwindaji haikubadilishwa. Baiskeli inapoingia Kisangani ikitoka barabara ya Ubundu na mizigo ya nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi, na mara chache mwenye mzigo akisimamishwa mbele ya jaji, kitabu kinachofunguliwa ni kile alichotia saini Mobutu.