SHEIKH YUSUF WA MAKASSAR: KABURI LA MWANACHUONI KATIKA NCHI YA ZABIBU

Wahenga walinena kuwa tembea uone, nami nilitembea nikaona. Katika safari yangu ya Afrika Kusini nilifika Stellenbosch, nchi ambayo ukigeuka kulia ni mizabibu na ukigeuka kushoto ni mizabibu, imepandwa kwa safu zilizonyooka hadi chini ya milima. Wenzangu niliofuatana nao walikuwa na haja yao. Walitaka kuzuru mashamba madogo madogo ya mvinyo, waingie ghalani penye mapipa ya mbao, waonje cha huyu na cha yule. Mimi haja yangu ilikuwa ni kaburi moja lililo pembezoni mwa mashamba hayo, karibu na bahari. Tukakubaliana gari liwe moja, na kila mtu abaki na nia yake.

Ndugu msomaji, huenda ukajiuliza mtoto wa Mombasa alikuwa akitafuta nini mahali pa ulevi. Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Mwislamu hakai kwenye meza inapopitishwa pombe, kwa hiyo wenzangu walipoingia ndani mimi nilibaki nje chini ya mialoni, nikaletewa maji ya zabibu yasiyochachwa. Lakini mlango ulikuwa wazi na niliona yote. Muonjaji hupewa bilauri yenye mvinyo kidogo tu. Huuinamisha atazame rangi, akauzungusha, akaunusa, kisha akatia funda mdomoni na kulitema katika ndoo. Nikawakumbuka waonjaji wa majani ya chai wa kwetu Mombasa, ambao nao huvuta, huonja na kutema siku nzima kabla ya mnada.

Mwenye kuongoza wageni alieleza mambo mengi. Alisema upepo utokao baharini ndio unaopoza zabibu zisiive kwa pupa, na kwamba mavuno huwa kati ya Januari na Machi. Akataja majina ya waliopewa mashamba hayo tangu karne ya 17 na miaka waliyopewa. Nilitega sikio nisikie majina ya walioyalima. Sikuyasikia.

GAVANA NA MFUNGWA

Ili tuielewe habari ya Sheikh Yusuf, yatupasa kwanza tumjue mtu mmoja ambaye jina lake limeenea katika nchi ile. Mizabibu ya kwanza ya Rasi ya Tumaini Jema ilipandwa mwaka wa 1655 na Waholanzi wa Kampuni ya Mashariki ya India, na mvinyo wa kwanza ukakamuliwa mwaka wa 1659. Lakini aliyeukuza ukulima huo ni Simon van der Stel. Mji wa Stellenbosch aliuanzisha mwaka wa 1679 na kuupa jina lake. Mwaka wa 1685 alipewa ardhi iliyoitwa Constantia, akapanda zabibu ambazo mvinyo wake mtamu ulikuja kusifiwa Ulaya nzima, hata Napoleon akawa akiletewa alipofungwa katika kisiwa cha Saint Helena.

Gavana huyo huyo ndiye aliyempokea Sheikh Yusuf aliposhushwa merikebuni mwaka wa 1694 akiwa mfungwa. Mmoja alikuwa na mashamba, askari na hazina. Wa pili alikuwa mzee wa miaka 67 aliyenyang'anywa nchi yake.

MTAFUTA ELIMU

Sheikh Yusuf alizaliwa mwaka wa 1626 katika ufalme wa Gowa, karibu na Makassar, kisiwa cha Sulawesi, ambacho leo kimo katika nchi ya Indonesia. Alikulia karibu na jumba la kifalme, akasoma Kurani na fikihi akiwa mdogo. Mwaka wa 1644, akiwa na miaka 18, aliabiri jahazi kuelekea Makka kuhiji na kutafuta elimu. Hakurudi upesi. Alipita Banten katika kisiwa cha Java, akapita Aceh, akafika Yemen, akasoma Makka na Madina, kisha akaendelea hadi Damascus.

Katika safari hizo alichukua ijaza za tarika kadhaa, zikiwemo Qadiriyya, Naqshbandiyya na Khalwatiyya, na pia tarika ya Masharifu wa Hadhramaut, ambayo sisi watu wa Pwani twaijua sana kwani ndiyo iliyotia mizizi Lamu. Mwalimu wake wa Damascus alimpa lakabu ya Taju al-Khalwati, yaani taji la watu wa Khalwatiyya. Msomaji ataona kwamba mtu huyu, ingawa alizaliwa mbali nasi, alinywa katika kisima kile kile walichonywa mashekhe wetu.

Aliporejea baada ya miaka mingi alikuta kwao kumeharibika. Waholanzi walikuwa wameupiga na kuushinda ufalme wa Gowa mnamo mwaka wa 1669. Akakaa Banten kwa Sultani Ageng Tirtayasa, akawa mwalimu, kadhi na mshauri, na akaoa katika ukoo wa Sultani.

VITA NA KUHAMISHWA

Banten ilikuwa bandari tajiri ya pilipili na Kampuni iliitamani. Fitina ikaingia nyumbani mwa Sultani mwenyewe. Mwanawe alitaka ufalme upesi akaomba msaada wa Waholanzi, na mwaka wa 1682 baba na mwana wakapigana. Baba alishindwa akatiwa mbaroni. Sheikh Yusuf, aliyekuwa amekwisha kupita miaka 55, hakuweka silaha chini. Aliingia misituni na milimani na wafuasi wake, akapigana kwa kuvizia mpaka mwishoni mwa mwaka wa 1683. Masimulizi yanasema kuwa alijitokeza baada ya binti yake kukamatwa na yeye mwenyewe kuahidiwa msamaha. Msamaha huo hakuuona.

Mwaka wa 1684 alipelekwa uhamishoni Sri Lanka, kisiwa ambacho Waarabu walikiita Sarandibu. Waholanzi walidhani wamemnyamazisha. Kumbe walikuwa wamemweka njia panda, maana mahujaji wa kutoka visiwa vyake walipitia huko wakienda na kurudi Makka. Alikaa akiandika vitabu kwa Kiarabu, na mahujaji wakavibeba pamoja na barua zake hadi Banten na Makassar. Kampuni ilipong'amua kwamba kalamu ya mfungwa ilikuwa ikivuka bahari bila kibali, ikaamua kumtupa mahali ambapo hapapiti hujaji yeyote. Mahali hapo palikuwa Rasi ya Tumaini Jema.

SHAMBA LA ZANDVLIET

Merikebu iitwayo Voetboog ilimfikisha Rasi mnamo Aprili 1694, yeye na watu 49 wakiwemo wakeze, watoto na wanafunzi wake. Yasemekana Gavana alimpokea kwa heshima. Lakini heshima ni kitu kimoja na uhuru ni kitu kingine. Hawakuachwa wakae mjini. Walipelekwa katika shamba la Zandvliet, karibu na mahali mto Eerste unapomwaga maji yake baharini, zaidi ya kilomita 30 kutoka Cape Town. Ilikuwa sehemu ya vichaka na vilima vya mchanga. Nia ilikuwa Sheikh asionane na watumwa wa mjini, ambao wengi walitoka katika visiwa vya kwao.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mashamba ya zabibu yalipokuwa yakifunguliwa moja baada ya jingine juu ya mto huo, mikono iliyoyalima ilikuwa ya watumwa. Walichukuliwa kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na Msumbiji. Ndio waliopogoa mizabibu, wakachuma, wakakanyaga zabibu kwa miguu yao na kuviringisha mapipa. Sheria ya Kampuni ilikataza Uislamu kufuatwa hadharani. Hata hivyo Zandvliet pakawa mahali pa kukimbilia. Waliotoroka walipata hifadhi, na waliotaka kusikia jina la Mwenyezi Mungu walipata wa kuwasomea. Nisieleweke kwamba Sheikh Yusuf alikuwa Mwislamu wa kwanza kufika Rasi, la. Wako waliomtangulia, na kaburi la mmoja wao, Sheikh Abdurahman Matebe Shah, liko hadi leo kando ya lango la shamba la mvinyo la Klein Constantia. Lakini jamaa waliokusanyika Zandvliet ndio wanaohesabiwa kuwa jumuiya ya kwanza ya Waislamu katika nchi ile.

Sheikh Yusuf aliishi hapo miaka mitano. Alifariki tarehe 23 Mei 1699. Ni mwaka huo huo Simon van der Stel alipomwachia mwanawe ugavana, akaenda kupumzika katika mizabibu yake ya Constantia. Mmoja alizeeka katika jumba zuri kati ya mapipa yake. Wa pili alizikwa mchangani, mbali na makaburi ya wazazi wake.

Mfalme wa Gowa alikuwa ameomba mara kadhaa arudishiwe mwanachuoni wake, akanyimwa. Alipokwisha kufa ndipo Kampuni ilipokubali. Jamaa zake wengi waliondoka Rasi mwaka wa 1704, na mwaka wa 1705 Sheikh akazikwa upya huko Gowa. Watu wa Rasi nao hawakubali kwamba aliondolewa wote. Kwa hiyo leo ana makaburi mawili, na yote mawili yazuriwa. Indonesia ilimtangaza kuwa shujaa wa taifa mwaka wa 1995, na Afrika Kusini ikamtunukia nishani ya Oliver Tambo mwaka wa 2005.

KILICHOSALIA

Baada ya mashamba mawili tuliteremka kuelekea baharini. Shamba la mwisho tulilolipitia ni Vergenoegd, lililogawiwa mwenyewe wake wa kwanza mwaka wa 1696, Sheikh akiwa hai na jirani. Huko nilistaajabu kuona mabata wengi, wembamba, wanaosimama wima mithili ya chupa, wakipelekwa mizabibuni kwa kundi kula konokono. Bata wa aina hiyo, ndugu msomaji, asili yao ni visiwa vya Indonesia, kule kule alikotoka Sheikh. Wageni waliwapiga picha na kucheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikanyamaza, kwani niliwaza ni viumbe wangapi wa visiwa vile walioletwa katika nchi hii kutumikia mzabibu.

Jambo moja zaidi nitalisema, maana bila hilo habari haitakuwa kamili. Katika mashamba mengi ya Rasi ulikuwako mtindo wa kuwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Mtindo huo ulianza zama za utumwa, ukaendelea hata katika karne ya 20, na sheria za kuupiga marufuku zilichelewa kutiiwa. Madhara yake yangalimo majumbani mwa watu, na wako watoto wanaozaliwa na kasoro kwa sababu mama zao walikunywa walipokuwa waja wazito. Basi fikiria maana ya mtumwa wa zama zile kusilimu. Aliyekatazwa kila kitu alipata neno moja la kusema mwenyewe, nalo ni hapana, mbele ya kikombe alichopewa ili asahau hali yake. Hata mabwana walikuja kutambua kwamba mtumwa Mwislamu halewi, wakamtumainia.

Tulifika kaburini alasiri. Mahali hapo panaitwa Macassar, jina la nyumbani kwa Sheikh, na jina hilo hakulitia gavana yeyote. Kaburi liko juu ya kilima, ndani ya jengo lenye kuba lililojengwa mwaka wa 1925, na pembeni wamelala wafuasi wake. Wenyeji hupaita karamat, na kila mwaka wakati wa likizo ya Pasaka familia nyingi hupiga mahema hapo. Najua huku kwetu ziara za makaburi zina maneno yake, wako wanaozipenda na wako wanaozikataa, nami sikuja kuamua kesi hiyo. Nilisoma Fatiha na kumwombea maiti, jambo ambalo halina ugomvi.

Siku ya pili nilisali Cape Town katika msikiti wa Auwal, ulioanzishwa mwaka wa 1794, miaka mia kamili tangu Sheikh aliposhushwa kutoka Voetboog. Katika nchi hiyo watu husoma Ratibu ya Haddad kama isomwavyo Lamu na Mombasa, na wazee wao wa zamani waliandika lugha yao ya Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu kama wetu walivyoandika Kiswahili. Nilijiona niko nyumbani.

Wenzangu walirudi na chupa zao zimefungwa vizuri, kila moja ina jina la shamba na mwaka wa mavuno. Sikuwalaumu, kila mtu na dini yake. Lakini atakayezuru mashamba yale, awe ni mwenye kuonja au ni mwenye kubaki nje kama mimi, namsihi aulize majina ya waliolima. Na akikosa wa kumjibu, ateremke hadi mchangani kando ya bahari. Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Yusuf, na awarehemu wale wote waliokufa mizabibuni bila ya majina yao kuandikwa popote. Amin.