Truman na agizo ambalo hakulizuia

Juzi barazani, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alisema kuwa mtu aliyeidhinisha bomu la atomiki lipigwe Hiroshima lazima alikuwa na moyo wa jiwe tangu kuzaliwa kwake. Wengi wakamuunga mkono. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma habari za maisha ya mtu huyo, na nilichokikuta humo si moyo wa jiwe. Nilikuta jambo linalonitisha zaidi, na ndilo ninalotaka tulitafakari leo, ndugu msomaji.

Harry Truman alizaliwa Mei 8, 1884 katika mji mdogo wa Lamar, jimbo la Missouri, nchini Marekani. Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni na alivaa miwani minene. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alilima shamba la familia kwa zaidi ya miaka 10, kisha akaenda Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa kapteni wa kikosi cha mizinga. Aliporudi mwaka 1919 alifungua na rafiki yake duka la mashati, tai na kofia mjini Kansas City. Mwaka 1922 duka likafa. Truman alikataa kujitangaza muflisi, akalipa madeni yale kidogo kidogo kwa miaka mingi. Je, huyo ndiye katili wa kuzaliwa?

Kwa hakika siasa yake haikuwa safi kama biashara yake. Alibebwa na Tom Pendergast, bwana mkubwa wa siasa za Kansas City, ambaye mwaka 1939 alifungwa kwa kukwepa kodi. Lakini Truman mwenyewe, alipoingia Baraza la Seneti mwaka 1935, hakujulikana kwa wizi. Mwaka 1941 alipewa kamati ya kuchunguza ubadhirifu katika matumizi ya vita, na hapo ndipo jina lake lilipokua.

Angalia jambo hili. Mwaka 1943 kamati yake ilianza kuulizia kiwanda kikubwa cha siri kilichokuwa kikijengwa katika jimbo la Washington. Waziri wa Vita, Henry Stimson, akamwomba asiendelee na uchunguzi huo. Truman akaacha. Kiwanda hicho ndicho kilichotengeneza plutoni iliyokuja kuiteketeza Nagasaki. Mkaguzi aliyefuatilia kila senti alifika mlangoni, akaambiwa usiingie, akageuka.

Januari 1945 akawa makamu wa Rais Franklin Roosevelt. Hakuambiwa lolote la maana kuhusu bomu. Roosevelt alifariki Aprili 12, 1945, na Truman akaapishwa siku hiyo hiyo. Ilipofika Aprili 25 ndipo Stimson na Jenerali Leslie Groves walipomweleza habari kamili. Wakati huo mradi ulikuwa ukielekea kugharimu dola bilioni 2. Sehemu kubwa ya urani yake ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ikachimbwa na ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, chini ya kampuni ya Wabelgiji, bila kuambiwa inakwenda kufanya nini. Basi hata sisi tumo katika kisa hiki, ingawa kwa jasho tu.

Sasa tuje kwenye vita yenyewe. Japani ilikuwa imeshazidiwa. Meli zake zilikuwa zikizamishwa na chakula kilikuwa kikipungua. Usiku wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto juu ya Tokyo na kuua watu wapatao 100,000. Hiyo ilikuwa kabla Truman hajawa rais. Mwiko wa kuchoma raia ulikuwa umeshavunjwa kwa mabomu ya kawaida, na bomu jipya lilikuta njia imeshafagiliwa. Kwa upande mwingine, mapigano ya kisiwa cha Okinawa yaliwaua Wamarekani zaidi ya 12,000 na raia wengi mno wa kisiwa hicho, na majenerali walikuwa wakijiandaa kuivamia Kyushu Novemba 1, 1945. Truman, aliyewahi kuona vijana wakifa Ufaransa, hakutaka kuona hayo tena.

Lakini je, zilikuwepo njia mbili tu, kuvamia au kupiga bomu? Stimson alipendekeza Wajapani wahakikishiwe kwamba mfalme wao angeweza kubaki. Katika Tangazo la Potsdam la Julai 26, 1945 uhakikisho huo haukuwemo. Urusi nayo ilikuwa imeahidi kuingia vitani, na iliingia Agosti 9. Admirali William Leahy, mshauri wa karibu wa Truman, aliandika baadaye kuwa bomu lile halikuwa na msaada wa maana, kwani Japani ilikuwa imeshashindwa. Na baada ya yote, mfalme aliachwa abaki.

Linalonikosesha usingizi ni namna agizo lilivyotoka. Julai 25 Truman alikuwa Potsdam, Ujerumani, mkutanoni na Stalin. Agizo liliandikwa na makao makuu ya jeshi, likasainiwa na Jenerali Thomas Handy, likiitaja miji minne: Hiroshima, Kokura, Niigata na Nagasaki. Kyoto, mji wa mahekalu ya kale, uliondolewa kwa sababu Stimson aliukatalia. Tazama basi, mtu mmoja kusema hapana kuliokoa mji mzima! Agizo lilisema bomu la kwanza lipigwe hali ya hewa ikiruhusu kuanzia karibu Agosti 3, na mengine yafuate kadiri yatakavyokuwa tayari. Siku hiyo hiyo Truman aliandika katika shajara yake kwamba walengwa wangekuwa askari, wala si wanawake na watoto. Sijui mtu anawezaje kuandika hayo kuhusu mji wenye watu laki kadhaa.

Hiroshima ilipigwa Agosti 6, saa mbili na robo asubuhi. Hadi mwisho wa mwaka watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Truman alikuwa baharini akirudi nyumbani. Agosti 9 ndege ikaenda Kokura, ikashindwa kuuona mji vizuri, ikageukia Nagasaki, na huko wakafa wapatao 70,000. Kwa bomu hilo la pili hakuulizwa. Tarehe ilisogezwa mbele na makamanda kwa sababu ya hali ya hewa, kwani agizo la Julai lilitosha.

Agosti 10 ndipo alipozinduka. Aliamuru bomu jingine lisipigwe bila idhini yake mwenyewe, akawaambia mawaziri wake kuwa wazo la kuua watu wengine 100,000, hasa watoto, linamtisha. Kwa hiyo uwezo wa kuzuia alikuwa nao muda wote! Aliutumia siku moja baada ya Nagasaki.

Hadharani hakujuta kamwe. Alidai kuwa ameokoa nusu milioni ya askari wa Marekani, hesabu ambayo wanahistoria wengi wanaipinga. Mwaka 1958 Baraza la Jiji la Hiroshima lilipompinga, aliwaandikia barua ya kujitetea. Waislamu wengi wanamkumbuka zaidi kwa kuitambua Israel Mei 14, 1948, dakika 11 baada ya utawala wake kuanza, lakini hiyo ni makala nyingine. Alifariki Desemba 26, 1972, akiwa na miaka 88.

Dini yetu imeweka wazi hukumu ya kumuua asiyepigana. Sayyidna Abubakar aliliusia jeshi lake lisiue mwanamke, mtoto wala mzee, na hata mti wa matunda usikatwe. Kwa kipimo hicho sina utetezi wa kumpa Truman. Ila simwiti shetani, kwa sababu tukimwita shetani tutajidanganya kuwa sisi, kwa kuwa si mashetani, tumesalimika. Alikuwa muungwana mlipa madeni aliyekuta gari linateremka mlima, akakaa kwenye usukani, na hakukanyaga breki mpaka limeshasaga miji miwili.

Leo nchi tisa zina silaha hizo, na huko Marekani idhini bado iko mikononi mwa rais peke yake. Nikirudi barazani nitamuuliza yule kijana: ni mara ngapi wewe na mimi tumeambiwa usiingie, nasi tukageuka?